Mlima Unashuka Sokoni

Morogoro inaitwa "mji kasoro bahari", na wenyeji wanalipenda jina hilo kweli kweli. Maana yake kila kitu kipo, imekosekana bahari tu. Sina ugomvi na jina, ila naona linatuelekeza macho kusiko. Kinachoufanya mji huu uwe hivi ulivyo hakijakosekana hata kidogo: kiko pale juu, kinaonekana ukiwa popote, hata ukiwa kwenye foleni ya mashine ya kutolea pesa. Mji uko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kile kinachoutazama mji usoni, kinapita mita 2,100. Nyuma yake Milima ya Uluguru inaendelea kusini mpaka Lukwangule na Kimhandu, ambako ni juu zaidi.

Siku hizi kufika Moro ni rahisi mno. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam Juni 2024, na safari ambayo kwa basi inaweza kukumaliza asubuhi nzima sasa haifiki saa mbili. Unashuka Kihonda, unapanda bajaji, unaulizia nyama choma au samaki, unapiga picha mlima ukiwa umevaa mawingu, jioni unarudi zako Dar. Hakuna ubaya. Lakini kuna historia nzima kwenye ile sahani uliyowekewa mbele yako, na wengi tunaimaliza bila kuisoma.

Tuanze na sahani yenyewe, basi. Kwa mamantilie wa kawaida mjani utapata ugali au wali, na wali huo mara nyingi ni mchele wa Kilombero, unaotoka mbali, bonde la kusini kule Ifakara. Samaki anaweza kuwa perege au kambale wa bwawa la Mindu, lililo magharibi mwa mji, ambalo lilijengwa miaka ya 1980 mwanzoni ili watu wapate maji ya bomba na likawapa na kitoweo. Halafu mboga. Hapo ndipo mlima unapoingia. Mchunga, kwa mfano. Majani machungu yale, ukiyatupa mdomoni mara ya kwanza utadhani umepewa dawa. Mtu wa Moro atakuambia ugali bila mchunga haujakamilika, na ukikunja uso anacheka. Mimi nilikunja uso siku mbili. Ya tatu niliomba niongezewe.

Ukitaka kujua vitu hivi vinatoka wapi nenda Soko Kuu, lile jengo kubwa la ghorofa lililozinduliwa Februari 2021 na kupewa jina la Chifu Kingalu. Nenda mapema, kabla jua halijakolea. Ukiuliza kwa adabu, ukaanza na shikamoo, wauzaji watakutajia ramani ya Uluguru nzima kwa kugusa bidhaa. Kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo: hivyo ni vya Mgeta, upande wa magharibi, ambako kuna baridi ya kuvaa sweta. Njia yake inapita Mzumbe na Mlali kisha inapanda. Ndizi, mananasi, magimbi: hivyo ni vya mashariki, Kinole na Mkuyuni na Matombo, upande unaopokea mvua ya Bahari ya Hindi moja kwa moja. Karafuu, mdalasini, pilipili manga, iliki: mashariki pia. Watu wengi wanadhani viungo ni Zanzibar peke yake. Mama mmoja aliyekuwa anapima pilipili manga kwa kikombe aliniambia, "Mwanangu, hii haijavuka maji." Alisema hivyo bila hata kuniangalia, kama mtu aliyechoka kurudia.

Jina la soko lina uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyojua. Kingalu si jina la mtu mmoja. Ni jina la cheo, linarithiwa, na makao yake ni Kinole. Kingalu aliheshimika zaidi ya yote kwa sababu ya mvua: watu walikwenda kwake mvua ilipokataa. Nguvu ya namna hiyo haihitaji jeshi. Sasa jina lake liko juu ya jengo la zege ambamo mvua ya mlimani inauzwa ikiwa imeshageuka kabichi. Sijui nani alipendekeza jina hilo kwanza, ila alilenga.

Mji wenyewe lakini haukuanzishwa na Waluguru. Waluguru ni watu wa juu, jina lao lenyewe linatokana na neno la mlima. Aliyejenga chini, kando ya mto, alikuwa mgeni: Kisabengo, mtu wa asili ya Uzigua, aliyekusanya watu wa kila aina karibu na katikati ya karne ya 19, wakiwemo watumwa waliotoroka, akajijengea ngome. Mji wake uliitwa Simbamwene. Alipokufa ulibaki mikononi mwa binti yake, naye akabeba jina hilo hilo la mji.

Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na alichokiandika kwenye How I Found Livingstone kimekuwa picha ambayo kila mtu anainakili. Ukuta wa mawe wenye minara pembeni, malango makubwa ya mbao zilizochongwa, watu elfu kadhaa ndani. Bonde lilimvutia kwa rutuba yake. Kisabengo, ambaye hakuwahi kumwona, anamfananisha na mfalme Theodore wa Uhabeshi, ila kwa kipimo kidogo. Stanley ni mwandishi mtamu na ndiyo maana anahitaji kusomwa kwa jicho moja limefumbwa. Ana haraka, ana hasira, na kila anayemdai ushuru wa njia kwake ni mnyang'anyi.

Kipande ninachokipenda mimi ni cha mpishi. Stanley alikuwa na mpishi kutoka Malabar, India, aliyeitwa Bunder Salaam. Walipokuwa wameshaipita Simbamwene akamkamata, kwa mujibu wake si mara ya kwanza, akiiba chakula cha msafara. Akaamuru achapwe. Mpishi akatoroka. Stanley akatuma askari wamtafute, nao walirudi mpaka kwa yule mwanamke mtawala, ambaye aliwakamata na kuwafungia. Ilibidi sheikh mmoja Mwarabu aingilie kati ndipo wakaachiwa. Stanley analisimulia kama kituko cha barabarani. Soma upya kwa utulivu uone: msafara wenye bunduki na bendera, mali ya gazeti kubwa la New York, umesimamishwa na mwanamke mwenye ukuta na chakula.

Kwani misafara ilikuwa nini bila chakula? Mamia ya wapagazi, kila mmoja na mzigo begani, na kila siku tumbo. Walinunua nafaka na kuku kwa vitambaa na shanga. Mji uliokaa mguuni pa mlima wenye mvua ulikuwa na kitu ambacho nyika ya mbele, ile ya Makata iliyojaa matope, haikuwa nacho. Simbamwene ilikuwa mgahawa wa barabara kuu miaka mia moja kabla ya stendi ya Msamvu. Aliporudi mwaka 1872, Stanley alikuta mafuriko yamebomoa ukuta na kuzoa nyumba nyingi. Mlima huo huo uliokuwa unalisha ndio uliomwaga maji. Leo ngome haipo. Yamebaki majina: Kingo, mmoja wa wazao wa Kisabengo, ni jina la kata katikati ya mji.

Kipindi cha Wajerumani nitakipita mbiombio. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wametangulia kutoka Bagamoyo, wakafungua misheni Morogoro mwaka 1882. Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapa mwaka 1907, na kuanzia siku hiyo mji uligeuka: mbele kukawa stesheni, siyo tena mto. Walichimba ulanga milimani, wakapanda katani tambarare, wakajenga kule juu nyumba ya kupumzikia ambayo watalii bado wanaipandia kwa jina la Morningside. Agosti 1916 jeshi la Smuts likaingia mjini na kukuta von Lettow-Vorbeck ameshaondoka kuelekea kusini. Kuna hadithi kuhusu walichoachiwa Waingereza kwenye hoteli ya stesheni, na si ya kusimulia wakati watu wanakula.

Ninapotaka kukaa kidogo ni mwaka 1955, kwa sababu bila mwaka huo huwezi kuuelewa mlima unaouona.

Kwanza ardhi. Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama. Shamba ni la ukoo, na mtu anapata mahali pa kulima kwa sababu mama yake, na mama wa mama yake, ni wa hapo. Ukiwa mgeni kwenye ukoo unaweza kupewa pa kulima, lakini kupewa pa kulima na kumiliki ni vitu viwili tofauti. Mti wa kudumu, nyumba ya kudumu, kazi yoyote inayobadilisha ardhi moja kwa moja, ni kama kutia sahihi. Wakubwa wa ukoo wanaangalia.

Sasa wanakuja Waingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mpango wao wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Miteremko ni mikali, watu waliongezeka, udongo ulikuwa unashuka na maji, mito ikijaa tope, na mito hiyo ndiyo Ruvu na Ngerengere na Mgeta, inayokwenda tambarare kwenye mashamba makubwa na kwenye mji mkuu. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi. Chonga mlima uwe ngazi, lima juu ya ngazi, usichome moto majani, usilime mteremko uliokatazwa. Kila wiki siku zake za kuchimba. Asiyechimba anapigwa faini.

Kwenye karatasi ni jambo zuri. Kwenye mteremko wa Matombo ilikuwa habari nyingine. Udongo wenye rutuba kule ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia na kuleta juu ule mwekundu usiozaa. Yaani unavunja mgongo, halafu mahindi yanakuwa mafupi kuliko ya jirani aliyelima kizamani. Siku za kuchimba ziligongana na siku za kupanda. Na juu ya hayo yote lile swali la ukoo: nikichonga ngazi kwenye shamba nililopewa tu nilime, ngazi ni za nani? Au serikali ikishaona pamekaa vizuri, si itapachukua?

Wanawake, ambao ndio wenye majembe, waliliona hili kabla ya mtu yeyote ofisini.

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakaja, ikawa vurugu, risasi zikapigwa, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango haukusimama tena, serikali ikaacha kuwalazimisha watu. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu wakati huo, na sihitaji kueleza sana ilivyonufaika kwenye milima iliyojaa watu waliochoshwa na faini. Miaka mitano baadaye Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu kuhusu mambo haya, Smoke in the Hills, na bado ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa kama vitabu vingi vya wakati ule kinamsikia afisa vizuri zaidi kuliko kinavyomsikia mkulima.

Kuna jambo ambalo wasimulizi wa 1955 mara nyingi hulisahau. Mgeta, ng'ambo ya pili ya mlima ule ule, kwa Waluguru wale wale, ngazi zilikubalika. Ziko mpaka leo, nzuri kuzitazama, zimepangwa mlimani kama rafu za duka. Hapakuwa na siri yoyote. Mgeta walikuwa wanalima mboga za Kizungu kwa kumwagilia, na mboga hizo zilikuwa na soko mjini Morogoro na Dar es Salaam. Ngazi inashika maji ya mfereji, inashika samadi, na kabichi inalipa ile jasho. Matombo mahindi hayalipi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Waluguru walikataa matuta kwa sababu ya ushamba au ukaidi, mpeleke Nyandira siku ya soko akaangalie njegere zinavyopakiwa kwenye Fuso.

Na Mgeta hawakuishia kwenye karoti. Miaka ya 1980 walipokea mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, kupitia watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ambacho kilianzishwa mwaka 1984 chini ya mlima. Mbuzi wakakubali baridi, watu wakakubali maziwa. Hawakulazimishwa.

Jioni ya Moro ni suala la peke yake na ningeweza kuandika makala nyingine. Huu ni mji wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefika mpaka Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, akaja kufa kwa ajali Mombasa mwaka 1979. Ukikaa na mishikaki na soda sehemu yoyote yenye watu wazima, gitaa lake litapita tu. Ni mji pia wa wageni wa aina nyingine: ANC ya Afrika Kusini ilifanya mkutano wake mkubwa hapa mwaka 1969, na kwenye shamba la zamani la katani pale Mazimbu wakaja kujenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu. Walikuwa na shamba lao, wakilima na kufuga ili wajilishe. Mwaka 1992 wakaikabidhi kwa Tanzania na leo ni kampasi ya Sokoine. Wapigania uhuru nao walipaswa kula, na kwenye habari hii naona ni sawa kuwataja kwa tumbo badala ya maazimio.

Turudi mlimani, maana ndiko ninakotaka kumalizia. Ukipanda kuelekea Morningside alfajiri utapishana na watu wanaoshuka kutoka Ruvuma na Choma, vijiji vya juu ya mji. Wewe unahema na chupa yako ya maji. Wao wana tenga la ndizi au furushi la mboga kichwani, mtoto mgongoni, na wanateremka kwa hatua ndogo za haraka kwenye njia inayoteleza. Unasema shikamoo, unaitikiwa marahaba bila mtu kupunguza mwendo. Gari halifiki kule. Fungu la mchunga unalolipunguzia bei pale sokoni limetembea saa kadhaa kwa miguu. Mimi sishawishi mtu asibishane bei, kubishana ni sehemu ya soko. Nasema tu tujue tunabishana na nini.

Na juu zaidi ya vijiji ni msitu, ambao kuanzia mwaka 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia. Kutoka humo ndiko Ruvu inakozaliwa, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Oktoba 2022 mto ulipopungua na Dar ikaingia kwenye mgao wa maji, lawama zilisikika haraka: wakulima wa juu, wafugaji, wanaochepusha maji. Baadhi ya lawama zina ukweli. Msitu umepungua, mtu yeyote aliyepanda Uluguru anaona. Lakini sikiliza sauti inayozungumza na utaitambua. Ni ya mtu wa chini anayemwambia mtu wa juu namna ya kulima, na faini iko mfukoni.

Jaribio moja lilikwenda kwa njia tofauti. Miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalikwenda Kibungo, upande wa mashariki, kwenye kijito kimojawapo kinacholisha Ruvu. Wakawaambia wakulima: mkilima kwa namna inayozuia udongo kushuka, mtalipwa, na wa kulipa ni wale wanaotumia maji kule chini, yaani shirika la maji la Dar es Salaam na kampuni ya soda. Moja ya kazi zilizolipwa ilikuwa kuchimba matuta ya ngazi. Ngazi zile zile, katika sehemu ile ile ya mlima, nusu karne baada ya risasi za Matombo. Watu wakachimba. Fedha hazikuwa nyingi, na mradi kama miradi yote ulifika mwisho wake. Ila kwa mara ya kwanza mtu wa chini alipokea bili ya mlima badala ya kupeleka faini.

Ukipita njia ya Mkuyuni kwenda Matombo leo, kwa bodaboda au kwa gari la abiria lililojaa mpaka mlangoni, tazama mashamba upande wa juu wa barabara. Mengine yana ngazi, mengine hayana. Mwenye shamba ukimkuta, muulize kwa nini. Ana sababu, na hatachelewa kukueleza.